Firigisi Moja, Sahani Tatu

Hapo zamani, wala si zile za sungura na fisi, bali zamani za juzijuzi, kompyuta zilipokuwa bado na kichogo, palikuwa na nyumba moja kule Bukoba iliyozungukwa na migomba. Mwenye nyumba aliitwa Ta Rugemalira. Ta ni neno la heshima kwa wazee wa kule, nasi tutamwita hivyo hivyo, tusije tukaonekana hatukulelewa.

Ta Rugemalira alikuwa na watoto watatu wakubwa. Wa kwanza Kamugisha, mpenda muziki. Wa pili Asimwe, binti mwenye ulimi wa pilipili. Wa tatu Mutayoba, aliyesomea kompyuta chuoni na akawa mtu wa maneno machache. Mke wa Kamugisha alikuwa Kokushubira, naye ndiye mwenye hadithi hii.

Kokushubira alikuwa na mtoto, Kemilembe. Mtoto huyo hakusikia tangu kuzaliwa, lakini alikuwa msemaji kuliko wote nyumbani. Alisema kwa mikono. Akipangusa shavu, anataka maji. Akibana sikio, ameogopa. Akizungusha ngumi juu ya tumbo, tumbo linamuuma. Akifungua kiganja chini ya kidevu, anauliza: nani? Ishara zote alizibuni mwenyewe. Kila alipobuni mpya, mama yake alimrekodi kwa simu, akaitaja maana yake, kisha akaihifadhi kwenye kompyuta ya nyumbani. Miaka yote hiyo video zikajaa humo kama ndizi kwenye chane.

Sasa Kemilembe alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia, ng'ambo ya ziwa. Matroni wa shule alikuwa amemwambia mama, "Niletee hizo video. Lugha ya alama tutamfundisha, lakini siku za mwanzo akiugua nitamwelewaje?"

Basi, wiki ya safari, Kokushubira akawasha kompyuta. Akafungua folda ya Kemilembe. Hakukuta video hata moja. Kilichobaki ni kijialama chenye mshale mdogo pembeni. Akikibofya, kompyuta inakoroma tu. Akajaribu folda nyingine. Mshale. Nyingine. Mshale. Akakaa chini sakafuni.

Kamugisha alipoona, hakuuliza sana. Alitoka mbio, akarudi na fundi wa pale senta.

Fundi akatazama, akacheka. "Hiki ni kirusi. Naipiga windo upya, inakuwa kama imetoka dukani."

"Na vilivyomo?" Kokushubira akauliza kwa sauti ndogo.

"Vilivyomo vinafutika, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Apige tu, yaishe," akasema Kamugisha.

Hapo Asimwe akatokea jikoni na unga mikononi. "Wewe fundi, mama yako akikohoa unamchimbia kaburi?"

"Dada, mimi nina uzoefu."

"Wa kuzika!"

Akauchomoa waya wa umeme, akauviringisha ndani ya kanga yake, akaifunga kiunoni mafundo mawili, akaenda zake migombani. Walimwita, hakugeuka. Kamugisha alimfokea, hakugeuka. Fundi alikunywa chai, akasubiri, akachoka, akaondoka akisema nyumba ile ina simba jike.

Mutayoba alipofika kutoka kazini kwake Muleba, dada yake akamkabidhi waya ukiwa bado na unga.

Mutayoba akaanza kwa kuchomoa modemu. "Tukifungie kirusi ndani kwanza, kisiwasiliane na waliokituma." Akaiwasha kompyuta katika hali salama, ile ambayo programu ngeni haziamki. Akaikagua programu ya kuua virusi iliyokuwamo, akatikisa kichwa. "Dawa hii imelala tangu Kemilembe hajatambaa." Akaweka mpya aliyokuja nayo kwenye sidii safi, ikakagua kila pembe. Kisha akaamuru mafaili yaliyofichwa yaonekane. Video zikajitokeza, moja baada ya nyingine.

"Shemeji, njoo uone," akasema. "Kilikuwa kimezifunika tu. Mishale ile ilikuwa milango ya uongo."

Kemilembe akajiona kwenye kioo cha kompyuta anapangusa shavu. Akacheka mpaka akakaa chini.

Mutayoba hakuishia hapo. Akawafungulia akaunti ya kila siku, isiyoweza kusakinisha kitu hovyo. Ile kubwa, yenye mamlaka yote, akaiwekea nywila mpya.

"Ya zamani ilikuwa na ubaya gani?" Ta Rugemalira akauliza.

"Baba, ilikuwa jina la ng'ombe wako. Kijiji kizima kinamwita kwa jina hilo kila asubuhi."

Wakacheka. Mutayoba akasema kesho atanunua sidii tupu mjini, awanakilie video za kupeleka shuleni.

Kesho yake akaja na sidii. Akafungua folda. Mshale.

Akafagia upya. Walipokwenda shamba na kurudi, mshale. Akafagia tena. Wakaenda kisimani, wakarudi, mshale umerudi.

"Nimeziba madirisha yote," akasema Mutayoba, amejishika kichwa. "Kinaingilia wapi? Shemeji, siwezi kunakili katika hali hii, nitaupeleka ugonjwa mpaka kwenye kompyuta za shule. Mtoto atangulie. Video zitafuata."

Meli ilikuwa ya kesho jioni. Kokushubira hakujibu, maana mkwe hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Moyoni alimwona tu mwanawe kwenye kitanda kigeni, anazungusha ngumi juu ya tumbo, anazungusha, na wanaomtazama wanadhani anacheza. Machozi yakamtoka. Kemilembe akayaona, akabana sikio lake.

Kamugisha alimtazama mtoto. Akavua kofia. Akatia mkono mfukoni, akatoa flashi, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

"Mlango ni huu," akasema. "Niliazimwa na rafiki, ina muziki. Mkienda shamba naichomeka, mkirudi naichomoa. Nilianza kushuku tangu siku ile ya kwanza, ila muziki ukanishinda. Ndiyo maana nilimleta fundi, afute kila kitu na aibu yangu ifutike humo humo."

"Kumbe mwizi tunaye, tunamwandalia chai!" Asimwe akasema.

"Mwache amalize," akasema Ta Rugemalira.

"Nimemaliza, baba."

Mutayoba akaichukua flashi, akaisafisha, akaweka sharti kwamba hakuna flashi itakayofunguliwa humo kabla ya kukaguliwa. Akaifagia kompyuta mara ya mwisho. Wakaenda shamba. Wakarudi. Hapakuwa na mshale. Asubuhi, hapakuwa na mshale. Video zikanakiliwa kwenye sidii mbili, moja ya shule na moja ya kabati la nyumbani, na Kokushubira akaifunga ile ya shule ndani ya sweta jipya la mwanawe.

Mchana huo, kabla ya safari, Kemilembe akachinjiwa jogoo. Nanyi mnajua, jogoo hata awe mkubwa kama mbuzi, firigisi yake ni moja. Katika nyumba ile firigisi ilikuwa ya mwenye nyumba tangu enzi za babu wa babu. Lakini Kokushubira alipopiga magoti kumwandalia, Ta Rugemalira akafunika sahani yake kwa kiganja.

"Leo siitaki. Apewe aliyeziokoa video."

"Ni nani, baba?"

"Hawa wote nimewazaa. Nikichagua mimi, nimeipasua nyumba. Video zilikuwa za kwako, mwanangu. Chagua wewe."

Asimwe akasogeza sahani yake mbele. "Wifi, usihangaike. Bila mimi fundi angepiga windo, na leo Mutayoba angekuwa anafagia chumba kitupu. Nilizuia kaburi."

Mutayoba naye akasogeza yake. "Dada, ulizuia kaburi, hukumtibu mgonjwa. Waya uliofungwa kwenye kanga haufungui faili. Bila mimi, hadi leo mngekuwa mnatazama mishale."

Kamugisha hakusogeza sahani. "Mimi sidai."

"Udai nini?" Asimwe akamrukia. "Mwizi akirudisha ng'ombe, anapewa maziwa?"

Kamugisha akainua macho. "Dada, wewe ulitoa ukali, na ukali unao wa kugawa. Mutayoba alitoa elimu, nayo haijapungua. Mimi nilitoa uso wangu mbele ya baba na mke wangu, na sina mwingine. Bila neno langu, mlicholinda na mlichotibu kingeliwa tena kesho."

"Kingeliwa na nani kama si na wewe?"

"Na mimi. Ndiyo maana hakuna mwingine aliyeweza kulisema neno hilo."

Mutayoba akainama. "Hilo ni kweli," akasema taratibu. "Ningekuwa bado nafagia."

Wote wakamtazama Kokushubira. Alikuwa ameshika upawa, firigisi imo ndani, mchuzi unadondoka. Mbele yake zilikuwa sahani tatu: ya wifi aliyezuia, ya shemeji aliyetibu, na ya mume aliyeleta ugonjwa kisha akaufungia mlango.

Kemilembe akaja, amekwisha kuvaa viatu vya safari. Akautazama upawa. Akazitazama sahani. Akamtazama mama yake, akafungua kiganja chini ya kidevu.

Nami, wenzangu, nawafungulia kiganja hicho hicho. Wala msiniambie aikate vipande vitatu, kwa sababu firigisi iliyokatwa huwa nyama tu, na nyama ilikuwa tele sufuriani. Meli inakaribia, upawa u hewani, mtoto anasubiri jibu. Je, nani alistahili?