Mwamsha Wafu na Meza ya Maandazi

Mwimbaji Kibwana, aliyejiita Mwamsha Wafu, alimwendea Mwanaidi, muuza maandazi wa mlangoni mwa ukumbi.

“Nasikia unasema nasifiwa bure. Kesho nisiione meza yako hapa!”

“Kaka, huenda nimekosea,” alisema Mwanaidi kwa upole. “Leo ukiimba, akisinzia hata mtu mmoja ukumbini, meza yangu ibaki.”

“Asinzie nani mbele yangu? Nimekubali!”

Usiku huo Mwanaidi aliingia ukumbini, na Kibwana aliimba mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Ukumbi mzima ulicheza. Mpiga ngoma, ambaye Mwanaidi humwekea andazi la moto kila siku, alipiga taratibu kuliko kawaida.

“Haya, yuko wapi aliyesinzia?” Kibwana alifoka.

Mwanaidi akageuka, akafunua kanga mgongoni. Kichanga chake kilikuwa kikikoroma.

“Wiki nzima amekataa kulala. Ahsante sana, kaka.”