Aliyeumwa na Nyuki

Hapo zamani, wakati asali ilipokuwa akiba ya njaa na si kitu cha kulamba tu, palikuwa na mji wa warina asali katikati ya msitu wa miombo. Mji huo ulikuwa na mizinga ya wote, iliyotundikwa ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyeruhusiwa kuifungua mpaka Mtemi aseme njaa imeingia. Nisikilizeni vizuri, maana hadithi hii hunipandisha hasira kila ninaposimulia, na leo nataka mnisaidie kujua hasira hiyo nimwelekeze nani.

Katika mji huo alifika mgeni kutoka pwani, Mwalimu Mwinchande. Alifundisha mantiki, yaani elimu ya kupima kama neno moja kweli limezaa neno jingine, au limesingiziwa mtoto. Vijana wakajaa uani kwake. Walioelewa upesi walikuwa wawili: Mihambo, mwana wa mlinzi wa mizinga, na Kalunde, binti wa mfua chuma.

Mwalimu alianza nao hivi. Kila anayeingia mtoni hulowa. Mtu fulani ameingia mtoni. Basi? Wakajibu, basi amelowa. Akawasifu. Vijana wakalewa furaha, wakawa wanafunga hoja kila mahali, shambani, jikoni, hadi kwenye ngoma. Mwalimu akatangaza mbele ya Mtemi kwamba Mihambo sasa ni mjuzi.

Somo lililofuata lilikuwa la kuwaonyesha kwamba njia ile hairudi nyuma, kwamba aliyelowa si lazima awe ameingia mtoni. Lakini siku hiyo vijana walichelewa, wametoka kucheza ngoma. Mwalimu akakasirika. Akakunja jamvi lake, akasema hawastahili kilichobaki, akaondoka na msafara uliokuwa ukielekea ziwani.

Hakuwa amefika mbali, mzinga mmoja wa akiba ukakutwa chini, umepasuliwa, masega hayamo. Mji ukawaka. Watu wakaanza kutazamana usoni, na katika kutazamana huko wakamwona Nyamizi, mjane aliyekuwa akimuuguza mama yake. Uso wake ulikuwa umevimba. Mikono imevimba. Wakamburuta mpaka ukumbini kwa Mtemi, na Mtemi akamwita mjuzi.

Mihambo akasimama katikati ya watu. "Kila anayefungua mzinga huumwa na nyuki," alisema. "Nyamizi ameumwa na nyuki. Basi Nyamizi amefungua mzinga."

Watu wakaitikia kwa pamoja. Lilikuwa neno zuri, limekaa sawasawa, halina pa kulishikia. Nyamizi alieleza kwamba aliumwa kijitoni, alipokwenda kuchota maji ya kumwogesha mama yake. Kundi la nyuki lilikuwa limetua kwenye tawi la chini, naye hakuliona. Mihambo akamkatiza, akasema hoja haivunjwi kwa kulia.

Kalunde alikuwa ameketi palepale. Lile "basi" la Mihambo lilimlia masikioni kama mtungi wenye ufa. Ingawa somo lile hakulipata, alijua limekosewa, na alijua limekosewa wapi. Akafungua mdomo. Akawatazama watu walivyoshika marungu. Akaufunga.

"Atoke," Mtemi akasema.

Nyamizi akatoka na mama yake mgongoni, mvua ikiwapiga wote wawili. Akajenga kibanda msituni kwa matawi na nyasi. Mama yake hakuyamaliza masika. Nyamizi alimzika peke yake, akichimba kwa jembe lililovunjika mpini, na hapakuwa na mtu wa kumshika mkono wala wa kumwambia pole.

Mtu mmoja tu alikuwa akifika pale. Kalunde alimpelekea chakula kwa siri tangu siku za mwanzo. Baada ya mazishi alimkuta Nyamizi analia, akataka kumfariji, na kitu pekee alichokuwa nacho ni ile elimu yake. Akamwambia, "Dada, anayepuliza kuni mbichi hutokwa na machozi. Wewe unatokwa na machozi. Je, ulikuwa unapuliza kuni?"

"Moto wenyewe sina," Nyamizi akajibu. "Namlilia mama."

"Basi ndivyo walivyokufanyia. Machozi yana sababu nyingi, na kuumwa na nyuki kuna sababu nyingi. Mihambo alianzia mwisho akarudi mwanzo, na njia hiyo haipitiki."

Nyamizi akaligeuzageuza lile neno mpaka likamkaa kichwani. Muda wote ule alijua ameonewa, lakini hakujua ni wapi hasa walipomwonea. Sasa alipaona waziwazi, kama mtu anayeonyeshwa mwiba uliokuwa mguuni. Kisha akauliza taratibu, "Hili ulilijua lini?"

Kalunde akainama. "Siku ileile. Ukumbini."

Nyamizi akakiinua kibakuli cha chakula alicholetewa, akakirudisha mikononi mwa Kalunde. "Mama alikula chakula chako," alisema, "akakuombea mema mpaka anakata roho. Ondoka hapa."

Huko mjini nako mzinga mwingine ulikuwa umepasuliwa, na Nyamizi hayupo. Watu wakasema labda amerudi kwa kunyemelea. Mihambo alikwenda kujificha ng'ambo ya kijito, na alfajiri akamwona nyegere, yule mnyama mfupi mwenye mgongo mweupe asiyejali nyuki, ameangusha mzinga na anakula masega. Hapakuwa na mwizi. Hapakuwahi kuwa na mwizi. Mihambo angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa naye. Lakini alikwenda moja kwa moja kwa Mtemi, akayasema yote mbele ya watu.

Nyamizi akaitwa. Mwalimu naye alikuwa amerudi kutoka ziwani. Sheria ya mji ule ilisema kwamba mtu akifukuzwa bila kosa, aliyesababisha atachukua nafasi yake msituni. Mmoja kwa mmoja; lango la mji likishampitisha huyo, jambo limekwisha. Mtemi akawasimamisha Mwalimu, Mihambo na Kalunde, ambaye alikuwa amekiri mwenyewe, akamwambia Nyamizi amchague mmoja.

Mwalimu alitangulia kusema. "Sikufundisha uongo hata neno moja. Niliacha somo katikati, nalikubali hilo. Lakini sikumtuma mtu akahukumu kwa nusu ya somo. Aliyeligeuza si mimi."

"Aliyeligeuza ni mimi," Mihambo akasema. "Lakini niliamini. Mwalimu aliniita mjuzi, nami sikujua kwamba kilichobaki ndicho kinachoua. Na nisingekwenda kule kijitoni, mpaka leo mngekuwa mnamtukana."

Kalunde alisema kwa sauti ndogo hata watu wakasogea ili wamsikie. Alisema hakufundisha nusu, wala hakugeuza neno. Alinyamaza, kwa sababu aliogopa kupigwa pamoja na mtuhumiwa. Na katika mji mzima, ni yeye peke yake aliyebeba unga kuupeleka msituni.

Nyamizi aliwasikiliza wote.

"Mwalimu, ulikasirikia ngoma ya watoto, ukaondoka na nusu ya elimu mkobani huku ukijua umewaachia nini. Mihambo, unasema uliamini. Mtu anayeamini anaogopa nini kusikiliza? Nilikuwa nasema, ukanikatiza. Nawe Kalunde, hawa wawili hawakuwa wanaona. Wewe ulikuwa unaona."

Kisha akamgeukia Mtemi.

"Nawe, Mtemi wangu, unaniambia nichague kati ya hawa watatu. Neno 'atoke' lilitoka kinywani mwa nani?"

Ukumbi mzima ukatazama chini. Mtemi aliishika fimbo yake kwa mikono miwili. Walinzi, bila kujua nani atatoka, wakaenda kufungua lango.

Na ninyi mlioketi hapa, msinijibu kwamba kosa ni la wote, tuligawane vipande vipande kisha kila mtu akalale. Mama yake Nyamizi amelala ardhini bila kosa, na lango lile linapitisha mtu mmoja tu. Yuko Mwalimu aliyefundisha nusu, yuko Mihambo aliyegeuza neno, yuko Kalunde aliyejua akanyamaza, na yuko Mtemi aliyetamka.

Je, nani alistahili kutoka?