Doriani la Bi Raya

"Mweka doriani huambulia harufu." Ndiyo mliyoisikia sokoni leo, wajukuu zangu, mkacheka bila kujua mnachochekea. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kule Pemba kaskazi ilikuwa inaaga. Maembe yamekwisha, shokishoki zimekwisha, na mawingu ya masika yameanza kujikusanya. Mdoriani wa Bi Raya ulikuwa umebakiza tunda moja tu. Asubuhi moja likaanguka, puu! Bi Raya akaliokota kwa upindo wa kanga, akalinusa, mate yakamjaa kinywani.

Mumewe, Mzee Shaame, kaskazi nzima alikuwa kalala na homa. Wenzake wakila doriani na kulamba vidole, yeye hata uji ulimshinda. Sasa homa imemwachia na hamu imerudi. Aliposikia ile harufu akajikongoja hadi barazani, akakaa mkekani, akakunja mikono ya kanzu.

"Mama Hamdu, lete kisu."

"Hili la mwanangu," akasema Bi Raya. "Hamdu anakuja harusini kwa jirani wiki hii. Tangu ahamie Unguja hajaonja doriani la kwao."

"Tunda lina siku yake, mke wangu. Tulile kidogo, tumbakishie."

"Likishapasuliwa haliwekeki. Vumilia, Baba Hamdu, mtakula pamoja."

Mzee akaikunjua mikono ya kanzu. Bi Raya aliliona hilo na moyo ukamuuma, lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akalifungia doriani ndani ya kasha, chini ya kanga zake za kutokea, watu wasijue kama lipo. Doriani, wajukuu zangu! Kana kwamba hufichika.

Hamdu alikosa meli, akafika siku ya harusi yenyewe. Hata maji hajanywa, mama yake keshamwambia alichomwekea. Kijana akacheka.

"Doriani, mama? Mwaka huu Unguja tumelila mpaka tumelikinai. Mpe baba."

Bi Raya akafungua kasha. Doriani lilikuwa limepasuka, limechacha, linatiririka maji, na kanga zote zimeshika harufu. Hakuwa na nyingine za harusini. Akajifunga zizo hizo, akaenda.

Huko wanawake wakaanza kunusa huku na huku. Somo yake, Bi Hidaya, akamfuata mpaka alipokaa.

"Raya! Kumbe doriani bado mnalo, mnajifungia mnakula wenyewe!"

"Wallahi, somo, sikulionja. Wala mume wangu hakulionja. Nililiweka."

"Uliliweka?" Bi Hidaya akaangua kicheko. "Jamani, sikieni! Mweka doriani huambulia harufu!"

Wanawake wakalidaka neno, wakalipigia makofi, likawa wimbo wa harusi. Bi Raya naye akaimba, afanyeje? Lakini alimfikiria mumewe pale mkekani, na aibu ikamwingia.

Aliporudi, manyunyu ya kwanza yalikuwa yanaanguka. Mzee Shaame alikuwa barazani.

"Nyimbo zenu zimefika mpaka huku," akasema. "Mlikuwa mnaimba nini?"

Bi Raya akakaa karibu naye. Mzee akaishika ncha ya kanga yake, akafumba macho, akainusa taratibu, kisha akainusa tena.

"Lilikuwa doriani zuri," akasema.

Hapo Bi Raya akashindwa kujizuia, akalia.

"Ndiyo tuliyokuwa tukiimba, mume wangu. Mweka doriani huambulia harufu."