Sentensi ya Subilaga

Mtu mmoja wa milima ya Rungwe alikuwa na mabinti watatu. Wawili walisoma sekondari: Atuganile kidato cha nne, Subilaga cha pili. Wa tatu, Tumpe, alikuwa bado mdogo.

Atuganile alikijua Kiingereza kwenye karatasi. Kanuni zake alizihifadhi zote, lakini kukizungumza hakuthubutu, kwa kuogopa kuteleza mbele za watu. Subilaga alizungumza na yeyote, akiteleza kila hatua. Kwenye mdahalo wa shule walimcheka mpaka wakapiga madawati. Naye alicheka nao, kisha akauliza amekosea wapi, akarudia. Dada yake alimwonea haya.

Siku moja Tumpe alijikata mguu kwa jembe, mama na dada zake wakamkimbiza zahanati. Alikuwapo daktari mgeni asiyejua Kiswahili, na muuguzi aliyemtafsiria alikuwa ametoka kufuata bandeji. Daktari akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama akaitambua ile chupa. Ndiyo dawa iliyomvimbisha mtoto koo mwaka uliopita, akaponea chupuchupu. Akamweleza daktari kwa Kiswahili, akatikisa kichwa. Daktari akatabasamu, akidhani mama anaogopa sindano tu.

Atuganile alijua la kusema. Akaanza kulipanga kichwani: kitenzi kikae wakati gani, neno lipi litangulie. Sindano ikalikaribia paja la mtoto.

Subilaga akaushika mkono wa daktari. Akasema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Hii dawa, hapana. Mwaka jana yeye alipewa, yeye karibu kufa."

Maneno hayakukaa mahali pake hata kidogo, lakini daktari alielewa yote. Akaiweka sindano chini, akamngoja muuguzi, wakachagua dawa nyingine.

Wakati wa kurudi Atuganile alimbeba Tumpe mgongoni, akiisikia pumzi yake shingoni. Hatimaye alimwambia mdogo wake kwamba yeye alikuwa bado anaipanga sentensi. Subilaga hakumcheka.

Jumatatu darasani, mwalimu alipouliza swali kwa Kiingereza, Atuganile alinyoosha mkono kwa mara ya kwanza. Alipofika neno la pili tu akakosea, darasa likaangua kicheko. Lakini hakuketi mpaka alipomaliza.

Basi ninyi mnaowacheka wanaojifunza kusema, siku mtoto wenu atakapokuwa kitandani, mngependa nani asimame kando yake?