Aliyemtia Kambare

Chubwi!

Mmesikia?
— Tumesikia!
Ni nini kile?
— Maji yamemeza!
Yamemeza jiwe?
— Jiwe halina mkia!
Basi sogezeni vigoda, chocheeni moto. Paukwa!
— Pakawa!
Aliyelala tumwamshe?
— Mwache, atakula makoko!

Hapo kale, milima ilipokuwa bado haijakubaliana mahali pa kukaa, mlima mmoja ulijigeuza ubavu, na mto ukahama. Samaki wakaondoka na maji yao. Migomba ikanyauka. Watu wa bonde wakabaki na matope na njaa. Wakakaa, wakashauriana, wakachimba bwawa. Wakachimba kwa majembe, wakachimba kwa vijiti, wakachimba kwa kucha. Mvua ikanyesha, bwawa likajaa.

Wakapatana hivi: chakula kwanza, mlaji baadaye. Kwanza wataingia perege, samaki wapole wanaokula majani, waachwe wazae mpaka masika mbili zipite. Wakizidi, wakaanza kudumaa kwa kunyang'anyana chakula, ndipo atiwe kambare awapunguze. Na kambare huyo aingie mdogo, asiyeweza kummeza perege mzazi.

Tena palikuwa na mila. Anayetia samaki katika maji mapya hutaja jina lake ukingoni, lile alilopewa na mama yake, si cheo, si jina la heshima. Samaki hulishika. Siku likiitwa, huacha kila alichoshika, akamwendea mwenye jina. Na hata ukitia kwa siri, maji yanakujua.

Kila nyumba ikaleta kibuyu cha perege. Kila mwenye kibuyu akataja jina lake, akamimina.

Mmoja tu alicheka. Huyo alikuwa Mgawa-maji, mzee aliyepima zamu za mfereji na kuamua kesi za bonde zima. Alikuwa na jina zuri, jina lenye maana ya huruma, lakini tangu mkewe azikwe hapakuwa na mtu aliyethubutu kulitamka.

"Masika mbili!" akasema. "Mtu mzima angoje masika mbili, halafu ale miiba! Mimi nataka mnofu."

Watu wakadhani anatania.

Mgawa-maji alikuwa na mkwe, mke wa mwanawe, aitwaye Subilaga. Mume wa Subilaga alikuwa amekwenda nchi ya mbali kutafuta chumvi. Na katika bonde lile mke hamtazami baba mkwe usoni, wala halitaji jina lake, hata kwa kunong'ona, hata ndotoni. Akikutana naye njiani, huinama mpaka apite. Kwa kuwa aliinama miaka yote, Subilaga hakuujua uso wa mzee yule. Alizijua nyayo zake. Mguu wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho.

Basi ile chubwi mliyoisikia, Subilaga aliisikia akiwa anamnyonyesha mwanawe Ipyana. Palipokucha akaenda kuteka maji. Akaona nyayo katika tope la ukingoni, zinakwenda na kurudi. Kulia, vidole vitano. Kushoto, vinne.

Akasimama. Akatazama huku, akatazama kule. Akakata tawi, akafagia tope, likawa laini kama uso wa uji.

Alisema moyoni, "Aibu ya baba mkwe ni aibu ya nyumba yangu."

Jioni Mgawa-maji akapita nje ya nyumba yake, akauambia mlango, maana ndivyo wakwe wanavyosemezana:

"Ewe mlango, mwambie mkwe wangu ni fundi wa kufagia."

Subilaga akajibu ndani, "Ewe mlango, mwambie baba nimesikia."

Watoto wa perege wakaanza kupotea. Leo walikuwa wingu jeusi kwenye kina kifupi, kesho walikuwa wa kujaza kiganja tu, keshokutwa maji matupu. Watu wakaona ndevu ndefu zikipita chini ya maji, wakajua. Wakakutana.

"Nani ametia kambare?" akauliza Mgawa-maji, fimbo mkononi.

"Labda Mwambene," mmoja akasema. "Tumbo lake halijawahi kungoja hata ugali uive."

"Tumbo langu linangoja tangu babu yako aazime jembe la kwetu!" Mwambene akamrudishia, na watu wakacheka kidogo, kicheko cha wenye njaa.

Kila mtu akaenda ukingoni kuita jina lake, ajitakase. Mwambene akaita. Kambare hakuja. Mama Tumpe, jirani yake Subilaga, akaita. Kambare hakuja. Bonde zima likaita.

"Na wewe, baba?" akauliza Mama Tumpe.

"Mimi ndiye ninayeuliza," akasema Mgawa-maji. "Anayeuliza haulizwi."

Watu wakatazama chini. Subilaga alikuwa ametazama chini tangu mwanzo.

Siku ile alipokuwa akiteka maji, jike la perege likaja mpaka kwenye mdomo wa mtungi. Nanyi mnajua, jike la perege hulea watoto wake kinywani. Likasema kwa puani, kama mtu mwenye tonge:

"Mama Ipyana, Mama Ipyana,
mimi nimefumba kinywa, wanangu wamo ndani.
Wewe umefumba kinywa, mna nani?"

Subilaga akasema, "Mna heshima." Akajitwika mtungi, akaenda zake.

Kambare akanenepa. Akala perege wadogo, akala perege wakubwa, akala mabata waliofuata perege. Ndevu zake zikawa kama kamba za kufungia ng'ombe. Alipokosa cha kula majini, akaanza kutazama ukingoni.

Tumpe, binti wa jirani, alikwenda kuosha bakuli. Mama yake alimwita mara ya kwanza, kimya. Akamwita mara ya pili, kimya. Mara ya tatu hakumwita, alikimbia. Akakuta bakuli linaelea, linazunguka polepole.

Mama Tumpe akalia mpaka sauti ikakatika. "Nani? Nani aliyetia? Nipeni jina tu! Nimwite mnyama huyu atoke, nizike hata unywele!"

Subilaga alimshika mabega. Akamfuta machozi, akamfuta kamasi, akamlaza. Jina lilipanda mpaka kwenye meno, akalimeza.

Jike la perege likaja tena, limekonda, limechanika pezi:

"Mama Ipyana, Mama Ipyana,
mimi nimefumba kinywa, wanangu wamo ndani.
Wewe umefumba kinywa, mna nani?"

Subilaga akasema, "Mna woga." Akajitwika mtungi. Lakini usiku mzima hakulala, na mlango ulipoambiwa, "Mwambie mkwe wangu Mungu amlipe," hakuujibu.

Matanga ya Tumpe yalitaka maji, maana waombolezaji walikuwa wengi. Subilaga akaenda kuteka, Ipyana akimfuata nyuma. Jike la perege lilikuwa linaelea ubavu. Halikuimba. Likafumbua kinywa, likakiachama mbele yake. Hamkuwa na kitu. Hamkuwa na hata mmoja.

Subilaga aliangalia kinywa kile kitupu, na kwa kuangalia huko hakuona ndevu zikitambaa kwenye tope. Zikamzunguka Ipyana kifundo cha mguu. Zikavuta.

"Mama!"

Akaruka, akamdaka mikono. Yeye huku, kambare kule, mtoto katikati. Mayowe yake yakawatoa watu matangani. Mwambene akamshika Subilaga kiuno, Mama Tumpe akamshika Mwambene. Wakavuta. Maji nayo yakavuta. Mtoto akaingia mpaka kiuno, akaingia mpaka kifua, akaingia mpaka kidevu.

Mgawa-maji naye akaja. Akaingia majini mpaka magotini, akipiga maji kwa fimbo. Angeweza kujitaja. Neno moja lingetosha, na kambare angemwacha mtoto. Bonde zima lingesikia, na kambare angemjia yeye.

Akasema, "Enyi maji, mwambieni mkwe wangu avumilie, avute."

Ndipo Subilaga alipoinua uso. Akamtazama baba mkwe wake machoni, mbele ya watu wote. Alikuwa mzee tu. Pua yake ilikuwa pua ya Ipyana.

Mama Tumpe aliyaona macho hayo yanapotazama. Akaelewa yote, hata lile tope alilolikuta limefagiwa asubuhi ile. Akasema polepole, "Kumbe ulijua. Mwanangu alipokwenda, ulijua."

Wasimulizi wengine huweka funzo mwisho. Mimi nitalisema hapa, maana mbele hapana nafasi. Heshima ni kinywa kilichofumbwa, lakini uliza kwanza kimemficha nani. Na aliyengoja mpaka zamu ya mwanawe amechelewa kwa mtoto wa jirani. Anayetaka mchuzi na aende, bwawa lipo, ila achunge vifundo vyake. Kibuyu changu cha hadithi nimekipindua, limebaki tone moja tu.

Ipyana alikuwa amezama mpaka puani. Subilaga akavuta pumzi, akafumbua kinywa chake, akaliita lile jina:

"Gwakisa!"