Mwalimu Sungura na Chungu cha Togwa

Hadithi hii ni ya siku zile ambazo wanyama wote walikuwa na haya kidogo, isipokuwa Sungura, ambaye haya ilipogawiwa alikuwa amelala. Kiangazi kilikuwa kimeingia mwaka wa tatu. Mto ulibaki mchanga, nyasi zilibaki vijiti, na vijana wa porini walishinda kwenye kingo za mto mkavu wakingoja wazazi warudi na chochote. Wazazi nao walirudi na maneno.

Simba akaita baraza. Alikuwa mfalme, na haikupita siku bila kuwakumbusha.

"Nimechoka kutawala wenye njaa," alinguruma. "Hainipendezi. Nataka vijana hawa wafunzwe biashara, bajeti na kazi za mikono, tena wafunzwe kwa kushika, si kwa kusikia. Kila mzazi atatoa kibaba kimoja cha ulezi kiwe mtaji wa mwanawe. Nani atakuwa mwalimu?"

Nyuki hakuwapo, alikuwa kazini. Mchwa hakuwapo, alikuwa kazini. Wote waliojua kazi walikuwa kazini. Sungura, ambaye hakuwa na kazi, ndiye aliyekuwa na nafasi.

Katika hotuba ile yote alisikia neno moja tu: kibaba. Akahesabu vijana, wakawa kumi na wawili. Mkono wake ukanyanyuka kabla akili haijamkataza.

"Wewe?" Simba alimkazia macho. "Umewahi kufanya biashara?"

"Maisha yangu yote, Mtukufu."

Haukuwa uongo mtupu. Aliwahi kumuuzia Fisi kivuli chake asubuhi, na Fisi akakirudisha jioni akilalamika kwamba kimerefuka kuliko walivyopatana. Upande wa kilimo, alikuwa na ujuzi mkubwa wa kunde za wenzake. Sungura alijijua vizuri, na hilo ndilo lililokuwa jema lake pekee: alidanganya kila mtu ila hakuwahi kujidanganya mwenyewe.

"Vema," alisema Simba. "Baada ya miezi miwili vijana wataonyesha kazi yao mbele ya baraza. Wakifaulu, lile shamba la bondeni, ambalo bado lina maji, litakuwa lako. Wakishindwa, nitamla mwalimu. Sijaonja sungura tangu kiangazi kianze."

Baraza likacheka. Sungura naye akacheka, ingawa masikio yake yalikuwa yamelala chali.

Wazazi wakaleta ulezi. Mama Kobe alifika wa mwisho, na kibaba chake kimefungwa kwenye jani kavu la mgomba. Binti yake, Kikobe, alikuwa nyuma yake hatua tatu, yaani nusu saa.

"Mwalimu, hii ndiyo mbegu yetu ya mwisho," alisema Mama Kobe. "Mvua ikinyesha na sina cha kupanda, basi tena."

"Usiwe na shaka, mama. Iko mikononi mwa mwalimu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Sungura akaona aibu. Kwa kawaida aibu yake hudumu mpaka mwenye mali akate kona. Lakini huyu alikuwa Kobe, kona ilikuwa mbali, na aibu ile ikamchoma kwa muda mrefu kuliko alivyozoea.

Mama Kobe alipotoweka na jani lake tupu, Sungura akatenga vibaba vitatu vya wanafunzi. Tisa vilivyobaki akavimimina kwenye chungu kikubwa, akakisukuma mvunguni mwa kitanda chake. Kisha akajaza magunia mchanga, akanyunyiza konzi ya ulezi juu ya kila gunia, akayapanga ghalani na kumwita Fisi.

"Bwana Fisi, nimekuchagua uwe mlinzi wa ghala."

Mate yakamdondoka Fisi. "Mimi? Kwa uaminifu wangu?"

"Kwa sifa zako," alisema Sungura. Ghala likikutwa tupu na mlinzi ni Fisi, nani atauliza swali la pili?

Masomo yakaanza. Sungura alipanda juu ya kichuguu, vijana wakakaa chini, na hapo lazima tumpe haki yake: alisema vizuri. "Bajeti ni nini?" aliuliza. "Ukipata konzi tatu, moja ni ya kula, moja ya kupikia tena, na moja ni mbegu. Anayekula zote tatu amekula kesho yake!" Maneno hayo aliyasikia kwa Mchwa, siku moja alipokuwa amemkalia. Aliyatamka kwa hisia kiasi cha kulengwalengwa na machozi. Jioni akarudi kwake, akainama mvunguni, akachota konzi tatu, akala zote tatu.

Siku kumi zikapita kwa maneno. Siku ya kumi na moja Kikobe akainua shingo.

"Mwalimu, tutashika kazi lini?"

"Kazi gani tena?"

"Mfalme alisema tujifunze kwa kushika."

Vijana wenzake wakaitikia. Sungura akafikiri haraka. Sisi tunaojua mambo kwa mdomo tu, tukiulizwa habari za ufundi hutaja tunachopenda kula, naye hakuwa tofauti na sisi.

"Mtapika togwa!" alisema. "Mtawauzia wasafiri wanaokwenda kisima cha mbali. Huu hapa mtaji, vibaba vitatu."

"Tulileta kumi na viwili," alisema kijana Ngiri.

"Mtaji mdogo ndio somo lenyewe, mwanangu. Vingine viko ghalani kwa dharura."

Togwa ilipikwa tangu zamani kwa ulezi wa namna mbili: mwingine husagwa ukawa unga wa uji, mwingine huloweshwa ukachipua, ukaanikwa, ukasagwa ukawa kimea. Kimea kikitiwa kwenye uji, uji hulainika na kuwa mtamu. Hayo Sungura aliyajua, maana kila mnywaji anayajua. Asichokijua ni lini kimea hutiwa, kwa sababu siku zote alifika togwa ikiwa tayari.

"Tieni kimea uji ukiwa unachemka!" aliamrisha. "Biashara ni haraka!" Kisha akaenda kulala.

Wakafanya hivyo. Uji ukabaki mzito vilevile, hauna ladha, mwiko ukasimama katikati wenyewe. Ngiri akamkimbilia mwalimu. "Mwalimu, imekataa!"

Sungura akajibu bila kufumbua macho, "Hasara ni mwalimu. Nendeni kwake."

Wakakaa kando ya chungu wamenyong'onyea. Ulezi uliobaki ulitosha kupika mara moja tu. Wakagawana kazi upya: Ngiri akachochea moto, Kanga akakoroga uji, Kikobe akapewa kimea alete kutoka kwenye jiwe la kusagia. Hapo ndipo walipokosea, au walidhani wamekosea. Kumtuma Kobe kitu cha haraka!

Uji ukachemka. Kikobe hajafika. Ukaanza kuungua, wakautoa motoni. Kikobe yuko njiani. Wakamwita, wakamsuta, wakamtukania gamba. Alipofika, uji ulikuwa vuguvugu, wa kuweza kutia kidole.

"Umetuharibia!" alifoka Ngiri.

"Nisameheni. Nilikuwa nakimbia," alisema Kikobe, akamimina kimea huku akilia.

Kanga akakoroga kwa hasira. Akakoroga tena. Mwiko ukawa mwepesi. Uji ukaanza kutiririka, na Ngiri alipolamba upawa macho yakamtoka. Ulikuwa mtamu! Siku ile vijana kumi na wawili walijua jambo ambalo mwalimu wao hakulijua: kimea hakitaki moto, kinataka kungojwa.

Tangu hapo kila asubuhi walikuwa njiani na vibuyu vyao. Msafiri alitoa konzi tatu za nafaka, akanywa kibuyu kimoja, akaondoka akijifuta mdomo. Konzi moja wakala, moja wakapikia, moja wakaiweka mbegu. Waliyashika maneno ya kichuguuni, masikini, wakidhani msemaji naye anayashika.

Mwezi wa pili Sungura akaletewa kibuyu aonje. Akaonja. Ilikuwa togwa nzuri kuliko zote alizowahi kunywa bila ruhusa. Akawatazama vijana wale, mikono imejaa masizi, nyuso zinang'aa, na kwa mara ya kwanza akatamani kwa moyo wake wote kuwa kweli aliwafundisha. Alitaka kuwauliza wamefanyaje. Neno likamfika ulimini. Lakini mwalimu akiuliza, atajulikana kwamba hajui. Akalimeza, akatikisa kichwa kama mtu aliyetarajia.

"Ndivyo nilivyosema," akasema.

Wakati huohuo Fisi naye alikuwa kwenye mtihani wake. Alivumilia siku nyingi, kwa Fisi ni kama miaka. Asubuhi ya maonyesho uvumilivu ukamwishia. Akafungua gunia, akazamisha mdomo mpaka machoni, akang'ata kwa nguvu zote. Jino likavunjika. Angelalamika kwa nani? Akafunga gunia, akaenda barazani na shavu limevimba.

Baraza likajaa. Kibuyu kikapita mkono kwa mkono, na kila aliyekunywa aliguna kwa raha. Vijana wakatandaza mbegu zao mbele ya wazee. Mama Kobe alimtazama binti yake, akalitoa lile jani kavu la mgomba.

Sungura akajitokeza kifua mbele. "Mtukufu, haya yote ni kazi ya mikono hii miwili. Naomba shamba langu."

Simba hakushuku lolote. Kilichomponza Sungura hakikuwa akili ya Simba, kilikuwa kiburi cha mfalme.

"Bado mimi sijanywa," alisema Simba. "Mfalme hanywi togwa ya wanafunzi. Nitakunywa ya mwalimu. Leteni ulezi wa ghalani, apike hapa hapa nikimwona."

Magunia yakaletwa, yakamwagwa. Konzi ya ulezi ikatangulia, mchanga ukafuata, gunia baada ya gunia.

"Fisi!" Sungura alipiga kelele, maana maneno hayo alikuwa ameyaandaa miezi miwili. "Fisi ameula wote akajaza mchanga!"

"Mimi?" Fisi akaruka juu. "Kama nimejaza mchanga mwenyewe, leo asubuhi ningeung'ata wa nini? Tazameni jino langu!"

Akapanua mdomo. Jino lilikuwa limekatika, mchanga bado umo kwenye ufizi. Ndipo alipotambua alichokiri, akaufunga mdomo, lakini baraza zima lilikuwa limekwisha kuona. Hapajawahi kutolewa ushahidi mkweli namna hiyo na mwizi.

"Hayo tutayarudia," alisema Simba. "Kiu yangu haingoji. Pika kwa ulezi na kimea cha wanafunzi."

Sungura akasimama mbele ya chungu. Uji ukachemka, ukarusha mapovu. Akamtazama Kikobe, na Kikobe, kwa huruma, akatikisa kichwa polepole. Lakini polepole ya Kobe ni polepole kweli. Kabla shingo haijafika upande wa pili, Sungura alikuwa amekwisha kumwaga kimea chote kwenye uji unaochemka.

Simba akazamisha ulimi. Haukurudi. Aliuvuta kwa mikono yote miwili, sharubu zikagandana, na kwa muda mfalme wa pori aliongea kama mtoto mchanga. Hakuna aliyethubutu kucheka, isipokuwa Fisi, ambaye hakuweza kujizuia.

"Huyu hajawahi kupika togwa!" alinguruma Simba alipopata ulimi wake. "Ulezi uko wapi?"

Sungura alitafuta uongo. Alikuwa nao mwingi siku zote, na leo akapapasa akakuta patupu. Akamwona Mama Kobe ameshika lile jani kavu la mgomba mkononi.

"Uko mvunguni mwa kitanda changu," alisema kwa sauti ndogo. "Vilikuwa vibaba tisa. Vimebaki viwili. Kazi pekee ya kuinama niliyoifanya miezi hii miwili ni kuwaibia hawa watoto. Naona aibu, na safari hii haikati kona."

Simba akainuka, makucha nje. Kikobe akaja mbele. Baraza lilingoja mpaka akafika.

"Mtukufu, usimle. Ukimla, na mbegu zetu umezila. Tupe sisi. Hakusoma huyu, sisi ndio tuliosoma. Aanze darasa la kwanza, kwenye jiwe la kusagia, mpaka vibaba saba virudi."

Simba, ambaye ulimi bado ulimuuma na hakutamani kutafuna chochote, akakubali. Shamba la bondeni likawa la vijana. Fisi akapewa kazi ya kuchota maji, kwa kuwa maji ndiyo pekee asiyoyatamani.

Sungura akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia, akasaga. Siku ya kwanza alisaga vidole. Siku ya saba alisaga nusu kibaba. Mgongo ulimuuma mahali ambapo hakujua ana mgongo. Mvua ilipokuja, Mama Kobe alikuwa na mbegu ya kupanda, na kibaba chake Sungura alikipeleka mwenyewe, kimefungwa kwenye jani bichi.

Msimu uliofuata, deni la Sungura likiwa limekwisha, vijana wapya walikuja kujifunza kwake, na mmoja akasimama karibu na chungu na bakuli la kimea.

"Nitie sasa, mwalimu?"

Sungura akainama, akatia kidole kwenye uji, akaunguza kidole.

"Bado," alisema, akikilamba. "Ngoja kwanza, nami nangoja."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.