Kiwanja cha Ugomvi

Ndugu wawili, Kosmas na Blasio, waliachiwa na baba yao mashamba ya kahawa yaliyopakana, na katikati yake kipande cha ardhi ambacho mzee hakusema ni cha nani. Kosmas akipanda maharage, Blasio aliyang'oa. Blasio akipanda migomba, Kosmas aliifyeka. Wakaacha kusalimiana, na hata kanisani kila mmoja akatafuta benchi la mbali na mwenzake.

Wakati huo parokia yao haikuwa na shule. Watoto walisomea kanisani, na kukiwa na mazishi walitolewa nje na vibao vyao. Paroko alipoomba kiwanja, Kosmas alisimama wa kwanza akatoa kile kipande, ili Blasio asikipate. Blasio akaruka, akaapa kwamba anayekitoa ni yeye, ili Kosmas asisifiwe. Waumini wakacheka. Paroko akawashukuru wote wawili, akakipokea.

Ujenzi ulipoanza, ndugu wale walipewa ukuta wa mbele. Kila mmoja alianzia pembe ya upande wa shamba lake, akikimbizana na mwenzake asije akaonekana mvivu, na ukuta ukapanda kwa kasi ya ajabu. Lakini walipokaribiana, wote walisimama. Hakuna aliyetaka kugusanisha tofali lake na la mwenzake. Pengo likabaki wazi, na mvua zilikuwa zinakaribia.

Sista Yustina, aliyeletwa kufundisha, akaja kutazama. Wakainamisha vichwa wakingoja kukemewa. Yeye akasimama katikati ya pengo, akanyoosha mikono kulipima, akatabasamu.

"Msilizibe, baba zangu. Watoto wataingilia hapa."

Blasio akacheka. Kosmas akajizuia, akashindwa. Ila mlango hauwi mlango bila kizingiti cha juu, na gogo lililochongwa kwa kazi hiyo halikuwa mzigo wa mtu mmoja. Wakalishika, huyu ncha hii, huyu ncha ile.

"Kaka, shusha kidogo kwako," akasema Blasio.

Kosmas akashusha. Gogo likakaa, upande mmoja juu ya matofali ya Kosmas, upande wa pili juu ya yale ya Blasio. Shule ilipofunguliwa, watoto wa nyumba zote mbili walipita chini yake wakisukumana na kuimba.

Ndugu zangu, sadaka ile ilitolewa kwa kijicho, na Mungu hakuirudisha. Basi wewe unayesubiri moyo wako utakate kwanza ndipo utoe, unasubiri nini?